Jibu Langu Kuhusu Nyumba ya Bel-Air

Lubumbashi, Jumapili alasiri

Kapinga mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Katuba kuchukua valizi uliyoificha kwa rafiki yako Nadine. Nimesikia geti likifungwa, kisha sauti yako ikibishana bei na mwenye pikipiki, naye akikuita "mama mukubwa" ili akutanie. Ukirudi utaikuta barua hii kitandani kwako. Unaweza kuisoma leo, unaweza kuisoma kesho ndani ya ndege. Sitakuuliza. Wiki mbili sasa mimi na wewe tunazungumza habari za chumvi na maji tu, na kwa mdomo siwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Kwa kalamu naweza kidogo.

Uliniomba jambo moja: nisiiuze nyumba hii mpaka umalize mwaka wako wa kwanza wa kazi huko Kinshasa. Nilikuahidi kwamba utapata jibu kabla hujaondoka. Mnunuzi anakuja keshokutwa kusaini. Basi jibu limo humu, ila sitaliweka hapa juu, kwa sababu ukilisoma peke yake utadhani nimeandika kwa hasira, na hasira sina. Nikitafuta ndani yangu nione kuna nini, siku hizi sikuti kitu kikubwa. Naona kazi zinazofuata, moja baada ya nyingine, nazifanya. Usiogope. Si ugonjwa. Nimekuwa hivyo tangu Papa yako afariki, na nimezoea.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za wanaume wa Kinshasa, wala namna ya kubeba simu sokoni. Una miaka ishirini na sita na umeishi na mimi. Hayo yote nimekwisha kuyasema mpaka yakakuchosha.

Nianze na ile siku ya komisionere, dalali wa nyumba.

Nilikuwa nimemwambia alete mteja Alhamisi, wakati ungekuwa kazini. Akaja Jumatano, siku uliyoomba ruhusa ubaki nyumbani usuke nywele. Mimi nilikuwa sokoni, mtaa wa Kenya, natafuta samaki wa ndakala. Yaliyotokea humu ndani umenisimulia mara moja tu, kwa ukali, lakini nimeyakumbuka yote kwa sababu yule mtu namjua anavyosema.

"Mutoto ya nyumba, usiogope, tuko naangalia tu."

"Munaangalia nini?"

"Nyumba. Ona hii salon, patron, iko kubwa. Plafon njo inaomba kazi kidogo."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mama. Kwani mama hakukuambia? Yee anaenda zake ku Mansa kupumuzika." Kisha akafungua mlango wa chumba chako, akamwambia mteja, "Hiki ni cha mutoto. Mutoto hatakuwa na kazi nacho tena."

Nilipofika nilikukuta sebuleni, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine umesimama. Dada msusi alikuwa amejifanya anatafuta kitana chini ya kochi ili asituangalie. Ukaniuliza bila kunisalimia.

"Mama, Mansa iko fasi gani?"

"Zambia. Ngambo ya muto Luapula."

"Na ulikuwa utaniambia lini?"

"Nikishafika."

Ukacheka, kicheko kile cha Papa yako akipunjwa na mteja. "Ukishafika! Miye natoka kazini, nakuta bantu bengine banapika mu nyumba yetu, nabauliza, mama yangu iko wapi?"

"Ningekupigia simu."

"Basi na miye nilikuwa nitakupigia simu nikishafika Kinshasa."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba una kazi Kinshasa, kwamba tiketi imekwisha kulipwa, kwamba valizi iko Katuba, na kwamba rafiki zako wawili walijua na mimi sikujua. Jikoni maji yalikuwa yanachemka kwenye makaa. Nilikwenda kuyatoa motoni. Wewe uliona nimekupa mgongo. Kwa kweli nilisikia maji, nikaenda kuyatoa. Baadaye usiku huo nilijaribu kulia kwa sababu niliona inafaa, haikuja.

Nimefikiri sana juu ya siku ile, kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikifikiri nikikuta boksi limepotea kwenye depo ya dawa nilikofanya kazi. Unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uone lilipotelea wapi. Nimerudi nyuma, nimejikuta mimi.

Kwetu safari haisemwi. Hakuna aliyenifundisha kwa kunikalisha chini, nilikuta hivyo. Babu yako alipostaafu kwenye reli na kurudi Kasenga, majirani walijua siku waliyoona kuku zetu hawapo uani. Mtu akisema anasafiri, kuna mwenye jicho, kuna mwenye wivu, kuna anayekuja kukopa usiku huo huo, kuna shangazi anayekumbuka jambo la zamani la kukuzuia. Viza inakataa, basi linaharibika, na kila mtu anajua kwa nini: ulisema. Kwa hiyo unafunga mdomo, unafunga mizigo, na ukishafika ndipo unatuma habari kwamba umefika.

Ulipokuwa na miaka minane, Papa yako alikuwa akijiandaa kwenda Afrika ya Kusini kutafuta vipuri vya magari vya duka lake. Kanisani katekista akauliza watoto nani ana jambo la kumshukuru Mungu. Ukasimama, ukasema Papa anapanda ndege. Nilikufinya paja. Ulikaa chini, ukaniangalia, hukulia. Usiku ule ulikuja kitandani kwetu ukamwambia Papa yako kwa sauti ndogo, "Papa, minaharibu safari yako?" Akakuambia hapana. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu niliona bora ubaki na woga kidogo. Safari yake ilikwenda vizuri. Woga ulibaki pia, na umeukuza vizuri: kijana wa kazi yako mpya alipopiga simu ya nyumbani, ulimfundisha ajiite mjumbe wa kwaya.

Sisemi desturi ile ni mbaya. Imewaokoa watu. Kosa langu ni kwamba sikujua inaishia wapi. Nilikuwa natumia ukimya dhidi ya mtaa, halafu Papa yako akafa, mtaa ukabaki nje na ndani tukabaki wawili, na mimi nikaendelea vilevile. Nilikuficha wewe kama ninavyomficha jirani yetu, mama wa geti la bluu. Kwa muda wa zaidi ya mwaka nilikuwa napanga kustaafu kwangu huku nikila bukari na wewe kwenye meza moja.

Unakumbuka mwezi ule niliohamia chumba cha nyuma? Ulidhani akili imeanza kuniruka. Nilikuwa najaribu. Nilitaka kujua mwanamke mmoja anahitaji nini kweli, nikaweka kitanda, sufuria mbili, babula ya makaa, ndoo, na Biblia, nikaishi nyuma kana kwamba sebule na vyumba vingine havipo. Kila jioni niliandika kwenye daftari langu, chini ya tarehe, nilikwenda kuchukua nini upande wa mbele. Siku za kwanza nilikwenda mara nyingi. Mwisho wa mwezi sikwenda kabisa. Ningekuambia maneno kumi tu, ungeelewa. Sikukuambia, na wewe ukaenda kumwita mke wa mchungaji.

Alikuja na mafuta kwenye kichupa na mama wengine wawili. Akasimama mlangoni mwa kile chumba, akaangalia kitanda, akaangalia babula.

"Mama, ni nani anakufungia mu hiki chumba?"

"Hakuna muntu. Miye mwenyewe."

"Banasemaka tu vile," akawaambia wenzake. Kisha kwangu, "Na ile nyumba yote kule mbele, ni nani anakukatazia?"

"Mama, siihitaji."

"Haleluya, tusali."

Walisali mpaka mikate uliyowanunulia ikapoa. Wakaila ikiwa imepoa, wakaimaliza. Wewe ulisimama nyuma yao umeshika chupa ya soda, na uso wako ulikuwa umechoka kwa woga. Niliuona. Hata hapo sikusema. Nilijiambia nitasema nikishafika. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya siku ya komisionere, kama neno kusumbua linafaa. Nalirudia mara nyingi, tuseme hivyo.

Sasa nikueleze Mansa, kwa kuwa uliniuliza tu iko wapi na mimi sikukueleza zaidi.

Ulikuwa hujamaliza chuo nilipokwenda kule kwenye kilio cha mume wa dada yangu Chola, yule binti wa mama yangu mkubwa. Nilikwenda kwa basi kupitia Kasumbalesa na Kitwe, kisha basi jingine. Kilio kilipokwisha watu walitawanyika, na Chola akaniambia nibaki kidogo nimsaidie kufua. Nikabaki. Asubuhi tulifua, tukala, tukakaa. Mchana tulikaa tena. Nilikuwa nangoja kitu kitokee. Hapa Bel-Air nikikaa chini lazima kitu kiniinue: maji yamekuja, jaza madumu, umeme umekuja, pasi nguo upesi, jirani amewasha jenereta, funga dirisha, lori limepita, futa vumbi mezani, mpangaji wa aneksi anagonga, choo kimeziba. Kule hakuna kilichoniinua. Chola ana vyumba viwili, shamba la mboga za lengalenga nyuma, na kisima anachoshirikiana na majirani. Jioni nilimwambia nyumba yake ni ndogo ila inatosha. Akanijibu kwa Kibemba kitu ambacho nakuandikia kwa Kiswahili: "Nyinyi wa Kongo mnanishangaza. Mna sahani za kula na sahani za kuangalia."

Alikuwa ananitania, maana aliwahi kuja hapa, aliliona kabati langu. Unalijua kabati. Sahani zenye ukingo wa dhahabu, seti nzima, nilizokataza usiguse tangu ulipoanza kutembea. Nilikuwa naziosha kabla ya Noeli na kuzirudisha. Ulipotimiza miaka kumi na nane uliomba tuzitumie kwa rafiki zako, nikasema hizo za wageni, nikakununulia za plastiki. Wageni wenyewe walikuja siku ya kilio cha Papa. Uani kulijaa watu wa Kasai na watu wa Kasenga, wamelala juu ya mikeka, na mama mmoja nisiyemjua alifungua kabati akatoa sahani zote akapakulia watu sombe na wali. Nilimwona. Nilikuwa nimekaa sakafuni na wajane wenzangu, nikamwona anazibeba, nikajiangalia kama nitasimama. Sikusimama. Kilio kilipokwisha zilibaki nne. Nilizihesabu, nikazirudisha kabatini, na sikujisikia kitu. Miaka yote ile nilikulinda wewe usivunje sahani ambazo hazikuwa na maana kwangu, na ulikua unaamini zina maana kuliko rafiki zako.

Kwenye depo kazi yangu ilikuwa rahisi kuielewa. Boksi linalokaribia kuisha muda linakaa mbele, litoke kwanza. Lililoingia jana linakaa nyuma. Kila wiki nasogeza. Wafamasia walinisifu, kwa sababu katika ghala langu dawa haikuwahi kuozea rafuni. Nikitoka pale saa kumi narudi katika nyumba hii ambamo vitu viliingia tu, hakuna kilichotoka. Papa yako alipopata faida aliongeza chumba. Alipoongeza chumba tuliweka mpangaji, mpangaji akaleta matatizo yake, tukajenga ukuta kumtenga. Jumapili tulikuwa tunazunguka uani tukitazama nyufa. Sikumbuki siku ambayo mimi na yeye tulikaa kwenye baraza lile tuliloliweka vigae. Lazima ipo, lakini siikumbuki, na katika daftari langu haimo.

Yeye pia alikuwa na ndoto yake ya uzee. Unajua. Alizaliwa hapa mjini, mtaa wa Kenya, akakulia huko huko, lakini akizeeka atarudi Mbuji-Mayi, atakaa katikati ya ukoo wake, atakula nyama ya mbuzi polepole. Mbuji-Mayi alikuwa amefika mara moja tu. Alimwambia kila mtu: wateja, mchungaji, mafundi. Watu walimtania, "Muzee, ungali hapa tu?" Naye, "Mwaka ujao!" Akafa kwenye duka, mkono uko kwenye boksi la fani belti. Yeye alisema bila kupanga, mimi nilipanga bila kusema. Kati yetu wawili hukupata mtu wa kumwiga. Ukiwa siku moja na mume, au ukiwa peke yako na shauri kubwa, tafuta njia nyingine. Mimi sijui ikoje, najua tu kwamba haikuwa ya kwetu.

Narudi kwenye nyumba.

Ulisema maneno mawili makubwa siku ile moja tuliyopita chumvi na maji, Ijumaa hii, ukiwa unakunja nguo. La kwanza, "Mama, pangisha, usiuze." Nimelipima. Nyumba ikipangishwa, bati litatoboka na simu italia Mansa. Mpangaji atagombana na mpangaji, nami nitapanda basi. Nitakuwa na nyumba mbili badala ya moja, na uzee wangu utakuwa depo tena. Nimekwisha kufanya kazi ya ghala, nimechoka nayo.

La pili, ulisema ukinitazama nguo zikiwa mkononi, "Sasa kama mambo inanikatala kule, nitarudia wapi?"

Nilikuambia blauzi ya kijani ina kifungo kilicholegea. Ukaitupa kwenye sanduku hivyo hivyo.

Nataka ujue kitu juu ya nyumba hii ambacho hukukiona kwa sababu ulikuwa mdogo. Kiwanja hiki ni cha babu yako, baba yangu. Ndiyo maana karatasi ziko kwa jina langu na hakuna wa upande wa Papa atakayekuja kunidai. Babu yako aliporudi Kasenga, bibi yako alikataa kumfuata. Alisema watoto watarudi watamkuta nani. Tulikuwa watano. Mmoja alikwenda Kolwezi, mmoja Likasi, wawili wakavuka mpaka, nikabaki mimi nikiwa nimeolewa na kukaa mtaa wa Kenya. Kila Jumamosi nilikuja kumsaidia. Kazi yetu ilikuwa kubadilisha mashuka ya vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia. Tunatoa mashuka safi, tunafua mashuka safi, tunatandika mashuka safi. Kila Jumapili alipika bukari ya watu saba. Jioni anawapa wapita njia. Kaka zangu walipokuja, mara moja kwa miaka miwili, walilala hoteli mjini kwa sababu ya umeme. Walimletea vitambaa. Hakuwalaumu. Alisema tu kwangu, tukikunja shuka, yeye ncha hizi na mimi ncha zile, "Batakuya. Nyumba iko, batakuya." Babu yako alikufa Kasenga bila yeye. Yeye alikufa hapa, katika chumba ambacho leo ni chako, na vitanda vinne vimetandikwa.

Nilirithi nyumba, na nilikuwa nimekwisha kurithi kazi yake bila kujua. Mwaka uliokuwa ukisoma Likasi nilikuwa nabadilisha shuka lako kila Jumamosi. Siku moja nilikuwa nimeshika ncha mbili na hapakuwa na mtu wa kushika nyingine. Nililiweka kitandani nikatoka nje. Ndipo wazo la Mansa lilipokuwa wazo.

Ningependa kukuandikia kwamba nauza kwa faida yako, ili uende bila kuangalia nyuma, uwe mwanamke shupavu. Mama wengine wangeandika hivyo. Si kweli. Nauza kwa sababu nataka vyumba viwili na lengalenga. Nina miaka sitini na mbili na miguu inayotembea. Nikingoja mwaka wako uishe, utakuja mwaka mwingine wenye sababu yake, na mimi nitaanza kusema "Nyumba iko, atakuya." Ninajua jinsi sauti ile inavyoanza.

Kwa hiyo jibu ni hili: keshokutwa nitasaini. Nimelisema bila kulizungusha, nisamehe ukali wake. Sehemu yako utaipata, tutaipanga kwa simu, usiiwaze leo. Komisionere nimemkataza asikanyage hapa wakati wewe upo. Akaniambia, "Mama, yule mutoto wako ana macho ya pilipili." Nikamwambia nayajua.

Kuna jambo jingine nimelifanya jana, bora ulisikie kwangu kabla hujalisikia getini. Nilikwenda kwa mama wa geti la bluu, yule yule, nikamwambia kwamba Jumatatu unapanda ndege kwenda kazini Kinshasa, na kwamba mimi nahama mwezi ujao kwenda Zambia. Aliweka mkono kifuani. Miaka yote tunaishi ukuta kwa ukuta, hajawahi kusikia habari yangu kabla haijatokea. Kisha akasema, "Mama, uko mugonjwa?" Nikasema hapana. Akaniita ndani akanipa kikombe cha munkoyo. Tulikaa mpaka jua likapungua. Anakuja kesho asubuhi kukuaga, usishangae, na usifiche valizi. Kama ndege itachelewa tutajua itakuwa imechelewa tu.

Wewe una haki ya kukasirika bado. Kasirika kadiri unavyotaka. Kinshasa ni mbali, hasira yako itafika kwangu imepoa. Nikiwa uwanjani sitalia, unanijua. Nitakuwa nasoma mabango, nitakuwa nakuuliza kama umechukua karatasi ya chanjo. Watu watadhani namsindikiza mgeni. Nikikushika mkono nikauachia upesi, jua kwamba ndani ya huo upesi hakuna kingine kilichofichwa. Kimekwisha kuandikwa humu chote.

Umeniuliza utarudi wapi mambo yakikukatalia. Nimekaa na swali hilo tangu Ijumaa na sasa ninaweza kulijibu. Utapanda ndege mpaka Lubumbashi, kisha basi mpaka Mansa. Hata kama ni usiku, hata kama hukuniambia unakuja, hata kama umefukuzwa kazi na hutaki mtu ajue. Ukishuka stendi usiulize jina langu la kwenye karatasi, hakuna anayelijua. Hapa mtaani waliniita Mama Farmasi miaka yote, kwa sababu ya kazi. Kule sina kazi. Chola aliponipitisha kwa majirani wake aliwaambia jina langu kwa namna yao, na ndilo wanalolitumia wakinipa maji kisimani. Nyuma ya soko, muulize yeyote akuonyeshe kwa Bana Kapinga, mama yake Kapinga.

Watakuuliza wewe ni nani. Waambie.

Mama